Tathmini ya safari ya mafunzo: Kreta ya Ngorongoro, Olduvai na nyanda za Ndutu

Kampuni nyingi za utalii za Arusha huuza safari za kaskazini kwa hesabu ya wanyama: utaona simba, utaona faru, ukibahatika utaona chui juu ya mti. Zipo chache zinazouza safari za namna nyingine, zinazoitwa safari za mafunzo, ambazo mteja huahidiwa kuelezwa ardhi yenyewe ilivyopatikana, viumbe walivyobadilika kwa kuifuata, na jinsi viumbe hao nao walivyoigeuza ardhi waliyoikuta. Mwanzoni mwa Februari nilisafiri na walimu wenzangu wa jiografia na biolojia kwa kampuni moja ndogo ya aina hiyo, kutoka Arusha hadi Kreta ya Ngorongoro, Bonde la Olduvai na nyanda za Ndutu. Sitaitaja kampuni kwa jina, kwa sababu ninachopima hapa ni huduma, na mazuri na mapungufu nitakayoyaeleza anaweza kuyakuta mteja yeyote anayenunua safari kama hii. Hukumu yangu naitoa mapema: safari hii inastahili fedha yake, na sehemu yake bora ni ile ambayo wageni wengi huipita kwa kasi huku madirisha ya gari yakiwa yamefungwa kuzuia vumbi.

Kutoka Arusha mwongozaji wetu hakusema mengi mpaka tulipofika Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo alisimamisha gari akatuuliza kwa nini mji huu una migomba na majaruba ya mpunga ilhali nchi inayouzunguka ni kavu. Jibu liko juu ya ukuta. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro ziliinua ardhi hadi ikayafikia mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi. Miteremko inayokabili upepo huo ikaota msitu. Msitu hunasa ukungu na mvua, na maji huzama polepole katika miamba ya volkano yenye matundu hadi yatokeze kama chemchemi huku chini. Mlima ulileta msitu, na msitu, kwa mizizi na kivuli chake, huuzuia udongo wa mlima usiporomoke na kufukia chemchemi hizo. Maelezo hayo yalichukua muda mfupi sana, lakini yalitupa namna ya kutazama kila kilichofuata, na nadhani kampuni ilifanya vyema kuanzia mahali ambapo hapakuwa na mnyama hata mmoja wa kupigwa picha.

Kreta yenyewe, ambayo ndiyo watu hulipia zaidi, ilikuwa sehemu dhaifu ya safari kwa kipimo cha mafunzo. Sisemi kwamba haipendezi. Volkano kubwa ilimwaga magma yake, kilele kikakosa cha kukishikilia kikaporomoka ndani, na kwa makadirio hilo lilitokea kati ya miaka milioni 2 na 2.5 iliyopita, kilichobaki ni sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260 iliyozungukwa na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi. Ndani yake mna maji mwaka mzima, kwa hiyo nyumbu wengi wa kreta hawana haja ya kuhama kama wenzao wa Serengeti. Twiga hawamo, kwa kuwa kuta ni kali na miti ya kuwatosha ni michache. Simba ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa ukuta wa mwamba unavyoweza kuingia hadi katika damu ya mnyama. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa kupita kawaida, inzi wanaouma waliongezeka mno hata simba wa kreta wakadhoofika na kufa, wakabaki wachache wasiozidi 15. Kwa kuwa simba wa nje hupata shida kuingia na kukubaliwa, sehemu kubwa ya simba walioonekana humo katika miongo iliyofuata ni uzao wa wale wachache, na watafiti waliowapima wamekuta wamekaribiana kwa nasaba kiasi cha kuathiri uzazi wao.

Habari hiyo mwongozaji aliianza vizuri kisha hakuimaliza, maana redio ya gari ilitangaza kwamba faru ameonekana upande wa pili na gari likageuzwa papo hapo. Nilikuja kuisikia yote jioni baada ya kumwomba. Hili lilijirudia mara kadhaa ndani ya kreta, na ni kosa la kampuni zaidi ya kosa la kijana wa watu, kwa sababu madereva wamezoeshwa kuamini kwamba mteja ambaye hakuonyeshwa faru ataandika malalamiko. Anayeuza safari ya mafunzo hana budi kuizima redio, au angalau kuwauliza abiria wake kwanza.

Hata hivyo, ndani ya kreta hiyohiyo alitueleza jambo moja ambalo waongozaji wengi hulikwepa. Hadi mwaka 1974 kulikuwa na familia za Wamasai zilizoishi na kulisha mifugo kwenye sakafu ya kreta. Mwaka huo waliondolewa. Ng'ombe walipotoka na uchomaji wa nyasi ukakoma, nyasi zilirefuka na kukomaa bila kuliwa. Nyumbu na swala tomi, ambao midomo na matumbo yao yanataka majani mafupi na laini, walipungua kwa idadi. Nyati, anayeweza kujaza tumbo kwa nyasi ndefu na ngumu, akaongezeka. Kupe nao walipata makao mazuri katika nyasi hizo. Baadaye mamlaka ya hifadhi ilirudisha uchomaji wa kupangwa. Mwongozaji hakugeuza habari hii kuwa hotuba ya siasa, wala hakuificha. Alionyesha tu kwamba sakafu ile tunayoiita ya asili ilikuwa imelelewa kwa vizazi na watu, ng'ombe na moto, na kwamba ukimwondoa mmoja wao nchi yote hupangika upya.

Olduvai ndipo safari ilipoanza kuwa kile tulichoahidiwa. Baada ya kupita njia panda yenye sanamu kubwa ya mafuvu mawili, tulifika makumbusho yaliyofunguliwa upya mwaka 2017 ukingoni mwa korongo. Makumbusho hayo nayasifu bila kusita. Yamepangwa kwa mpangilio wa tabaka za ardhi, kwa hiyo mtu hupita kutoka zama hadi zama akiona kwa pamoja mwamba wa wakati ule, mifupa ya wanyama wake, na zana za mawe zilizookotwa ndani yake. Ipo pia nakala ya nyayo za Laetoli, mahali palipo kusini mwa Olduvai, ambako zamadamu, yaani viumbe wa jamii ya binadamu walioishi kabla yetu, walitembea wima juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua kiasi cha miaka milioni 3.66 iliyopita. Majivu yale yalikuwa na kemia ya kugandamana yakikauka, kisha yakafunikwa na majivu mengine kabla nyayo hazijafutika. Fuvu halisi la Zinjanthropus, zamadamu aliyepatikana hapa Olduvai, ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua tarehe 17 Julai 1959, limehifadhiwa Dar es Salaam, kwa hiyo mgeni asitarajie kulikuta hapa.

Kutoka makumbusho mtu huweza kushuka korongoni akiwa na mwongozaji wa mahali hapo, na huko ndiko tungepaswa kupewa nusu siku nzima. Korongo lina urefu wa kilomita zipatazo 48 na kina kinachofikia mita 90 hivi, na kuta zake zinaonyesha kwa rangi kile kilichotokea: mwamba mweusi wa basalti chini kabisa, wenye umri wa karibu miaka milioni 2, juu yake Tabaka la I na la II, udongo wa kijivu na wa kahawia ulioingiliwa na mistari ya majivu, kisha Tabaka la III lenye wekundu mkali, ambao unatokana na chuma kilichopata kutu katika mazingira makavu zaidi. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa jiografia wa siku nyingi, alishika kipande cha mwamba mweupe uliokuwa ukimeguka akauliza, "Kaka, udongo huu umeletwa na ziwa?" Kijana aliyekuwa akituongoza korongoni akamjibu kwa adabu, "Hapana, mwalimu, huo ni mlima uliopeperuka." Akatupa kioo cha kukuzia tutazame wenyewe. Ndani ya kile kipande mlikuwa na chembe zinazong'aa, nyingine zenye pembe kali, zilizorushwa hewani na volkano na kutua hapo. Majivu mengi ya Tabaka la I yanahusishwa na mlima Olmoti, jirani wa Ngorongoro. Kwa kupima potasiamu iliyogeuka arigoni ndani ya chembe kama hizo (arigoni ni gesi, na mgeuko huo huenda kwa kasi inayojulikana), wanasayansi walitangaza mwaka 1961 kwamba Zinjanthropus ana umri wa miaka milioni 1.75, wakati ambapo Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary na mtafiti mwenzake, alikuwa amekadiria miaka laki 6. Mlima uliofunika mifupa ndio ulioihifadhi na ndio ulioipa tarehe.

Kilichonivutia zaidi korongoni ni maelezo juu ya ziwa. Wakati wa Tabaka la I hapakuwa na korongo hata kidogo. Palikuwa na bonde pana lenye ziwa la magadi katikati, ambalo lilipanuka na kusinyaa kadiri mvua ilivyokuja na kuondoka, na kando yake zilikuwapo chemchemi za maji yasiyo na chumvi yaliyoshuka kutoka milimani. Mifupa na mawe yaliyochongwa yamekutwa kwa wingi karibu na chemchemi hizo, na mahali fuvu la Zinjanthropus lilipotoka ni pamoja na hapo. Zamadamu hawa walikuwa na namna zaidi ya moja ya kuishi katika nchi ileile. Zinjanthropus alikuwa na magego makubwa ajabu na taya nzito, akapewa jina la utani la mvunja karanga. Lakini kemia ya meno ya jamii yake, iliyochunguzwa baadaye, imeonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake ilitokana na nyasi au mimea ya jamii ya mafunjo, vyakula vya kusagwa kutwa nzima. Homo habilis, aliyepewa jina hilo rasmi mwaka 1964, alikuwa na meno madogo zaidi na ubongo mkubwa kidogo, na ndiye anayehusishwa zaidi na mawe makali yaliyofanya kazi ambayo meno hayakuweza. Nchi ilipozidi kufunguka na nyasi kuenea, mmoja alijibu kwa taya, mwingine kwa mkono. Hapo kundi letu lilinyamaza kwa muda mrefu, kisha maswali yakaanza kumiminika.

Nyasi zenyewe zinastahili kusemwa zaidi ya ilivyosemwa na waongozaji wetu. Nyasi za nchi za joto, zile zinazostahimili jua kali na hewa yenye kaboni dioksidi kidogo, zilizidi kuenea Afrika Mashariki katika miaka milioni 10 iliyopita. Majani yake yana punje ndogo za silika, na yakiota karibu na vumbi la volkano hukwangua meno vilivyo. Wanyama waliohamia kwenye chakula hicho, jamii za farasi wa kale, swala, nguruwe pori na hata tembo, mmoja baada ya mwingine waliota meno marefu zaidi au yenye mikunjo mingi ya kusagia. Midomo hiyo mipya nayo iliifanyia nchi kazi: iliikata miche ya miti ikiwa bado michanga, ikaisaidia nyasi, ambayo huota kutoka chini na haiumii sana ikikatwa juu, kuitwaa ardhi. Ushahidi wa meno hayo umo ndani ya makabati ya makumbusho, umepangwa vizuri, na mtu yeyote anaweza kuulinganisha kwa macho. Tuliondolewa tukiwa bado tunautazama, kwa kuwa ratiba ya kampuni ilikuwa imeipa Olduvai muda uleule unaopewa na safari za kawaida, yaani kituo cha kula chakula cha mchana na kujisaidia. Kwa safari inayojiita ya mafunzo, hilo ni pungufu kubwa, na nililiandika kwenye fomu ya maoni tuliyopewa mwishoni.

Karibu na hapo tulipita kwenye mchanga unaohama, tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo ambalo husukumwa na upepo kuelekea magharibi kiasi cha mita 17 kwa mwaka. Vibao vilivyosimikwa nyuma yake vinaonyesha lilikokuwa miaka iliyopita. Ukirusha konzi moja ya mchanga huo juu, chembe zake hurudi zikiwa zimeshikamana badala ya kutawanyika, kwa sababu zina madini ya chuma yenye sumaku. Ni majivu ya volkano, na kutembea kwake mbele ya macho yako ni njia nzuri ya kuelewa kwamba nyanda zote tunazozikanyaga upande huu zilifika kwa njia ya hewa.

Ndutu nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiko nilikopata thamani ya fedha yangu. Mtu anayeingia nyanda hizi mwezi Februari huona nyumbu hadi upeo wa macho, na mamia ya maelfu ya ndama huzaliwa ndani ya wiki chache tu. Swali ambalo waongozaji wengi hawaliulizi ni hili: kwa nini hapa, kwenye nyasi fupi mno, mahali pasipo na mto wa kudumu, ilhali kaskazini kuna nyasi ndefu na maji ya mto Mara? Mwongozaji wetu hakujibu kwa maneno. Mahali paliporuhusiwa kushuka alitupeleka kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, akatuonyesha rundo la udongo lililotupwa nje. Juu palikuwa na udongo mwepesi wa kijivu, laini kama unga wa ulezi. Chini yake, mnyama alikuwa amekwaruza hadi kwenye gamba jeupe gumu, na vipande vyake vilikuwa vimetapakaa mdomoni mwa shimo. Tulivigonganisha vikalia kama mawe.

Gamba hilo ndilo linaloeleza nchi nzima. Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotoa lava yenye wingi wa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, pamoja na Kerimasi iliyoitangulia, imenyunyizia nyanda hizi majivu kwa muda mrefu, na upepo wa mashariki ndio ulioyaleta upande huu. Milima ya Ngorongoro huizuia mvua, kwa hiyo mvua inayofika Ndutu hutosha kuyeyusha chumvi za majivu na kuzishusha kidogo chini, lakini haitoshi kuzisukuma mbali zaidi. Maji yakikauka, chumvi huganda na kuwa gamba. Mizizi ya miti huligonga ikashindwa, ndiyo maana unaweza kuendesha gari masafa marefu bila kuuona mti. Nyasi fupi na ndago, zenye mizizi mifupi, humudu. Kwa kuwa udongo juu ya gamba umejaa kalsiamu, fosforasi na sodiamu, majani haya madogo yana madini ambayo nyumbu jike anayenyonyesha hayapati kwa kiasi hicho kaskazini. Anakuja hapa kwa ajili ya maziwa ya mwanawe. Mvua zikiisha, maji ya kunywa hutoweka na nyasi hukauka, naye huondoka. Uhamaji mashuhuri ambao dunia nzima huja kuutazama umeandikwa na volkano na kivuli cha mvua, na miguu ya nyumbu ndiyo inayousoma.

Nyumbu naye hakuiacha nyanda kama alivyoikuta. Katika miaka ya 1970 na 1980, utafiti uliofanywa Serengeti uliweka uzio kwenye vipande vya ardhi ili wanyama wasile ndani yake. Ndani ya uzio, mimea mirefu iliifunika ile mifupi na kuinyima jua. Kisha mimea iliyochukuliwa kutoka mahali palipoliwa sana ilipopandwa pembeni, mbali na mdomo wa mnyama yeyote, ilibaki mifupi na ya kutambaa; ufupi ulikuwa umeshaingia kwenye urithi wake. Vizazi vya midomo vimechagua nyasi inayojua kulala chini. Kinyesi na mkojo hurudisha virutubisho papo hapo, mende wa kinyesi huvifukia, mchwa hubeba udongo wa chini hadi juu ya vichuguu vyao, na swala tomi hufuata nyuma ya nyumbu wakila machipukizi yanayoota baada ya makundi kupita. Mwongozaji alitaka tupige magoti tuzitazame nyasi hizo kwa karibu, nasi tulipiga magoti, mabua yake yakiwa yamelala ubapa juu ya udongo kiasi kwamba kiganja changu kiliyafunika yote bila kuyakunja.

Halafu ikaja habari ya sotoka (ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na jamaa zao wa porini), ambayo kwa maoni yangu ndiyo somo kubwa la safari nzima. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaua sehemu kubwa ya ng'ombe, nyumbu na nyati, na kuwaachia wafugaji njaa isiyosahaulika. Uliendelea kukaa ndani ya mifugo, na kila mwaka ukawavuna ndama wa nyumbu. Katika miaka ya 1950 ng'ombe waliozunguka Serengeti walianza kuchanjwa, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 ugonjwa ulikuwa umetoweka miongoni mwa nyumbu, ambao wao wenyewe hawakuchanjwa kamwe. Idadi yao ilipanda kutoka takribani laki 2 na nusu hadi milioni 1.3 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo hiyo yote ikala nyasi ambazo zamani zilibaki na kukauka. Moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, ukapungua. Miche ya migunga ambayo ilikuwa ikichomwa kila mwaka ikapata nafasi ya kukua, na katika miongo iliyofuata miti ikaongezeka sehemu nyingi za Serengeti. Kirusi kisichoonekana kwa macho kilikuwa kimeamua ni wapi mti uote na wapi usiote. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, na katika magonjwa ya mifugo ndiyo ya kwanza kupata tangazo hilo. Sikuwahi kuisikia habari hii ikielezwa shambani, miti yenyewe ikiwa imesimama mbele ya msikilizaji, na ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma biolojia aipate hivyo.

Kilichokosekana ni mfugaji kama mjenzi wa ardhi. Ukiacha yale maelezo ya kreta, binadamu katika masimulizi ya kampuni ni zamadamu wa Olduvai, kisha anarukwa hadi mtalii. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kutoka kusini mwa Kenya, katika Kaunti ya Narok, umeonyesha kwamba mazizi ya wafugaji wa kale, mengine yaliyoachwa miaka inayokaribia 3,000 iliyopita au zaidi, yaliacha udongo wenye rutuba iliyodumu hadi leo, ukiota nyasi nzuri ambazo wanyama pori huzipendelea. Samadi ya zizi moja lililohamwa ilitosha kuchora uwanda wenye rutuba katikati ya nchi yenye udongo maskini. Safari inayopita katika nchi ya Wamasai, yenye maboma pande zote za barabara, ingeweza kuwa na kituo kimoja kwenye boma la zamani na mzee wa mahali hapo wa kulieleza. Gharama yake ingekuwa ndogo, na ingeondoa ile hisia kwamba watu wa huko ni mapambo ya njiani.

Kuhusu huduma za kawaida sina mengi. Gari lilikuwa zima, paa lake linainuka vizuri, na kila mtu alikaa dirishani. Malazi ya Karatu yalikuwa safi. Ya Ndutu yalikuwa mahema yenye baridi usiku, kwa hiyo abebe sweta anayekwenda. Chakula cha kufungashiwa kilikuwa kilekile kila mchana, kipande cha kuku, yai, ndizi na juisi, na kwa watu waliokuwa wakipanda na kushuka korongoni hakikutosha. Kijitabu tulichopewa kilikuwa cha Kiingereza kitupu, chenye picha nyingi na michoro miwili tu ya tabaka za ardhi, ilhali kundi zima lilikuwa la Watanzania na maelezo ya mdomo yalitolewa kwa Kiswahili sanifu na cha kupendeza. Kampuni ina mtu anayeweza kusema yale niliyoyaandika hapa bila kusoma popote. Amrekodi, ampe mhariri, na itakuwa na kijitabu bora.

Bei ni ya juu kuliko safari ya kawaida ya siku kama hizo, ingawa raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni. Gari kushuka kreta lina ada yake peke yake, kwa hiyo inafaa kwenda kundi. Ningewashauri walimu, wanafunzi wa vyuo, na yeyote anayependa kuelewa kuliko kuhesabu. Familia yenye watoto wadogo itachoka mapema, hasa korongoni, ambako jua ni kali na kivuli ni haba. Kabla ya kulipa, omba ratiba kwa maandishi inayoonyesha saa za Olduvai, na kama hazizidi tatu, waambie wapunguze za kreta. Uliza pia kama mwongozaji wa Ndutu ndiye atakayekuwa nanyi tangu Arusha, maana tofauti kati ya mwongozaji na mwongozaji katika safari hii ni kubwa kuliko tofauti ya gari au kitanda. Mwezi mzuri ni Februari. Mvua za mwisho wa mwaka zikichelewa, nyumbu nao huchelewa kufika nyandani, kwa hiyo ni vyema kuipigia simu kampuni juma moja kabla ya kumalizia malipo na kuuliza makundi yako wapi.